Mtu wa Tatu Katika Ugomvi

Mwishoni mwa 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilianza kuonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, *Doudou na Mama Wakwe Zake*. Mao Doudou ameolewa na Yu Wei, na wazazi wa Yu Wei waliachana zamani, baba mtu akaoa tena. Kwa hiyo bibi harusi anajikuta na mama wakwe wawili, kila mmoja na madai yake na namna yake ya kununa. Tarehe 25 Machi 2013, Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam, aliitaja tamthilia hiyo kwa jina, akasema imewaonyesha Watanzania raha na karaha za familia za kawaida za China.

Mtazamaji wa Kihesa au Ipogolo, mjini Iringa, hakuhitaji kufafanuliwa karaha hizo. Mama mkwe anayehesabu vijiko baada ya mke wa mwanawe kuosha vyombo anajulikana vizuri Nyanda za Juu Kusini. Mume anayejifanya hakusikia kitu anajulikana zaidi.

Mwenye kazi ngumu alikuwa mfasiri. Kwa Kiswahili, mtu hamgombezi mama mkwe kama anavyomgombeza rika lake. Hata hasira ikipanda mpaka kooni, "mama" linabaki mdomoni na shikamoo inatolewa asubuhi. Kinachobadilika ni namna inavyotolewa: salamu inakuwa fupi, kavu, inaachwa mlangoni huku anayesalimu akipita. "Nimekusikia, mama" inaweza kuwa utii, na inaweza kuwa tangazo la vita. Ugomvi ukikomaa, wawili hao hawasemeshani kabisa na mtoto ndiye anayetumwa: "Mwambie bibi yako chakula tayari." Bibi amekaa hatua tatu kutoka hapo na amelisikia kila neno, lakini anasubiri mtoto amfikishie ndipo ajibu, na jibu lenyewe anampa mtoto huyohuyo. Mtoto amefanywa mkalimani kati ya watu wawili wenye lugha moja.

Vitabu vya kufundishia lugha za kigeni havimjui mtoto huyu. Mchina anayejifunza Kiingereza hupewa orodha ya misemo ya kugombana na kupatana: namna ya kulalamika, ya kukanusha, ya kumkatiza mwenzako, ya kuomba radhi na ya kuipokea radhi. Baada ya orodha huja mazungumzo kati ya A na B. A amechelewa, B amekasirika, A anaomba msamaha, B anasema si kitu, ukurasa unafungwa. Mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania amekuzwa na mazungumzo ya aina hiyohiyo, akiyakariri mbele ya darasa na mwenzake wa dawati moja. Ni mafunzo yenye manufaa, maana mgeni asiyejua kuomba radhi kwa lugha ya wenyeji yuko matatani. Ila yamejengwa juu ya imani kwamba ugomvi ni mali ya watu wawili, na kwamba wawili hao wakipata maneno yanayofaa wataumaliza wenyewe.

Iringa haiishi hivyo. Ugomvi wa maana, wa ndoa au mpaka wa shamba au mshahara, huanzwa na wawili na kumalizwa na watatu. Maneno mazito ya kupatanisha hayako midomoni mwa waliokosana. Yanashikwa na mtu mwingine, na kazi ya mkosaji ni kujua mtu huyo ni nani na kumwendea mapema, kabla ugomvi haujafika sokoni.

Zamani za TANU, chama tawala cha wakati huo, mtu huyo alikuwa na cheo kabisa. Mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi ulianzishwa miaka ya 1960, na balozi alijua kwa usiku mmoja nani amempiga nani na kisa ni nini. Vyama vingi vilipoingia mwaka 1992, mambo ya serikali yakabaki kwa wenyeviti wa mitaa na vitongoji, lakini katika mitaa mingi watu hawakuacha kumgongea balozi usiku. Mlango wa ofisi hufungwa saa tisa na nusu, ilhali ugomvi wa nyumbani huanza saa mbili baada ya chakula.

Kuna ngazi nyingine ambayo mgeni haioni kwa urahisi, nayo ni ya lugha zenyewe. Familia ya Kihehe au ya Kibena inaweza kuanza kugombana kwa lugha ya nyumbani, ambamo matusi yana mizizi na majina ya mababu yanaweza kuchokonolewa. Wakifika kwa mwenyekiti wanahamia Kiswahili, na mara nyingi ukali unapungua kwa sababu hiyo tu: mtu hawezi kutukana vizuri kwa lugha aliyoipata shuleni. Shauri likipanda mpaka Mahakama Kuu, kwa miaka mingi lilihamia Kiingereza. Mama aliyelalamika kwa Kihehe jikoni na kwa Kiswahili barazani aliletewa hukumu ya maisha yake katika lugha ambayo ilibidi asomewe na mtu mwingine. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya lugha ya sheria na mahakama kuwa Kiswahili, na hilo ni jambo kubwa kuliko lilivyoshangiliwa. Mji una vyuo viwili vinavyofundisha sheria, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, na wanaosoma humo wanajifunza msamiati wa kugombana kwa Kiingereza ili baadaye wawatetee watu wanaogombana kwa Kiswahili.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndiyo iliyomkaribisha mtu wa tatu rasmi. Kifungu cha 101 kinamzuia mume au mke kufungua shauri la talaka mahakamani kabla mgogoro haujapelekwa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza likathibitisha kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kila kata inapaswa kuwa na baraza, na jumuiya za dini zinaweza kuwa na ya kwao. Wanaokaa ni mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Wakili haruhusiwi kumsemea mtu mle ndani.

Katazo hilo la mawakili linastahili kufikiriwa kwa utulivu. Wabunge wa 1971 walielewa kwamba msemaji wa kukodiwa anajua kushinda, na baraza halikuwekwa ili mtu ashinde. Wazee wanaofungua kikao hupenda kusema kwamba wamekuja kujenga, hawakuja kubomoa. Kisha kila upande unatoa lake bila kukatizwa, na hapo ndipo mzoefu anapoonekana: hatoi hukumu, anauliza. Lini mlikula pamoja mara ya mwisho? Nani alikuwa shahidi wenu siku ya ndoa, na leo yuko wapi? Mume aliyekuja na hotuba ya makosa ya mkewe anajikuta anahesabu miezi. Baadaye kabisa, wakati wote wamechoka, mmoja wa wazee anasema yaishe. Haulizi kama wamekubaliana. Anaitamka kana kwamba yameisha tayari, na wawili wale wanapewa nafasi ya kukubali jambo ambalo hakuna kati yao aliyelazimika kuliomba.

Kwa mke na mume wenye kiburi, nafasi hiyo ni tunu. Kuna watu ambao neno "nimekosa" haliwatoki mbele ya mtu ambaye naye pia amewakosea, lakini wanaweza kutikisa kichwa mzee anapolisema kwa niaba yao. Vijijini kikao kinaweza kumalizika kwa kupeana mikono na kula sahani moja, na majira ya mvua, ulanzi unapotiririka mianzini, kwa kunywa pamoja mbele ya waliowapatanisha.

Lakini mtu wa tatu ana hatari zake, na atakayeisifu desturi hii bila kuzitaja atakuwa amewasahau wanawake wengi. Neno linalotolewa kwa urahisi zaidi katika vikao hivi ni "vumilia", na mara nyingi linaelekezwa upande mmoja. Mwanamke aliyekuja na jicho lililovimba akirudishwa nyumbani na wosia wa uvumilivu, hakusuluhishwa. Amenyamazishwa na watu aliowaheshimu. Sheria yenyewe iliacha milango. Mtu hana haja ya kupita barazani kama mwenzake ametoweka hajulikani alipo, kama amekataa kwa makusudi kuitikia wito wa baraza, kama amefungwa kifungo kirefu, au kama mahakama itaridhika kwamba mazingira si ya kawaida kiasi kwamba usuluhishi hauwezekani. Na kipigo ni jinai, mahali pake ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Baraza bora ni lile linalojua lipi si lake, na likalisema hilo kwa sauti siku ya kwanza.

Yupo pia mtu wa tatu asiyeandikwa katika sheria yoyote, naye ni mtani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, na hakuna upande uliomwangusha mwenzake moja kwa moja. Leo ni watani. Mngoni anaweza kuingia kwenye msiba wa Mhehe, akazuia jeneza, akadai malipo, akamwiga marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa mchoyo, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Angefanya hivyo ndugu wa damu, ukoo ungegawanyika. Mtani ana haki ya kusema ukweli ambao ndugu hawathubutu, kwamba kaka wawili hawa hawajasemeshana tangu shamba la bonde ligawanywe, na kuusema mbele ya kaburi, kwa mzaha, mahali ambapo hakuna anayeweza kukasirika bila kujiaibisha. Kwa habari ya kupatanisha, hii ni akili ya hali ya juu. Kijana wa mjini anayeudhani utani kuwa ni kurushiana kejeli za makabila tu amerithi nusu yake, tena nusu ndogo.

Mtu wa tatu asiyekubaliwa na pande zote hapatanishi. Nyanda za Juu zina mfano mchungu wa hilo. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alifariki tarehe 19 Julai 1898, na fuvu la kichwa chake likachukuliwa na Wajerumani. Mwaka 1919, Mkataba wa Versailles uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza uliweka kifungu cha 246 kuitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza. Mataifa mawili yaliyokuwa yakipigana yalimfanya marehemu wa watu wengine kuwa sehemu ya mapatano yao, na wenye marehemu hawakuitwa kikaoni. Fuvu lilirejeshwa mwaka 1954, gavana Edward Twining alipolikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, na mpaka leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, kilomita chache kutoka mjini Iringa. Miaka 35 ilipita kati ya neno na tendo.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, mahali penye kumbukumbu ya Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, akawaomba msamaha wazao wa waliouawa, wakiwemo jamaa za Songea Mbano, chifu wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906. Safari hii hapakuwa na taifa jingine katikati. Alisema uso kwa uso, akakiri aibu ya nchi yake, akaahidi msaada wa kutafuta fuvu la Songea. Yapo makosa ambayo mkosaji akituma mtu amekosa mara ya pili, na kuyatambua ni sehemu ya elimu ya kupatana. Mzee wa Kihehe angesema mkubwa akikosa huja mwenyewe, na hapo mshenga hukaa nyuma.

Wachina wenyewe, ambao vitabu vyao vya Kiingereza vina A na B peke yao, kwao wanamfahamu sana mtu wa tatu. Sheria yao ya usuluhishi wa wananchi ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2011, mwaka uleule Doudou alipoanza kusema Kiswahili. Inaziagiza kamati za vijiji na za mitaa ya mijini kuwa na kamati za usuluhishi zenye watu watatu hadi tisa, wanawake wakiwemo, na huduma haitozwi ada. Sheria hiyo iliandika jambo la zamani. Jirani mwenye umri, aliyestahiwa na wote, ameingia katika ugomvi wa nyumba za China kwa karne nyingi ili pasiwepo anayevuliwa nguo mbele ya watu. Mtu wa Kihesa na mtu wa Beijing wangeelewana juu ya jambo hilo ndani ya dakika kumi, kama wangepata lugha.

Waliwahi kukaribia kuipata. Mkataba wa kujenga reli ya TAZARA ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na kufikia 1975 reli ya kilomita 1,860 ilikuwa imeunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, mji ambao wakati huo ulikuwa ndani ya mkoa wa Iringa na tangu 2012 umo mkoa wa Njombe. Huko milima inasimama wima, udongo unateleza mvua ikinyesha, na njia ilibidi ipite kwenye mahandaki na juu ya madaraja marefu. Makumi ya maelfu ya Wachina walikuja kwa zamu, na zaidi ya 60 hawakurudi kwao. Baadhi yao wamezikwa Gongo la Mboto.

Katika kambi zile, vijana wa Kitanzania na mafundi wa Kichina walifanya kazi bega kwa bega na maneno machache mno. China ilikuwa na Kiswahili tayari, kwa kuwa redio ya Beijing ilianza matangazo yake ya Kiswahili tarehe 1 Septemba 1961 na vyuo vyake vilikuwa vikifundisha lugha hiyo. Lakini wakalimani hawakutosha kwa kila genge la kazi. Ufundi ungeweza kufundishwa kwa mikono: hivi ndivyo nyundo inavyoshikwa, hivi ndivyo reli inavyolazwa. Kugombana nako kuliwezekana bila kamusi, kwa jicho na kwa sauti. Kupatana ndiko kulikotaka mtu. Mkalimani aliyeitwa kutoka kambi ya jirani aliombwa kufasiri, lakini mwenye busara alifanya zaidi ya hapo: alichuja. Neno lililotoka na moto upande mmoja lilifika upande wa pili likiwa limepoa, na hiyo ni kazi ileile ya mjumbe wa baraza la kata.

Leo madarasa ya lugha yameongezeka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma vina Taasisi za Confucius tangu 2013, na Kichina kimeingia katika baadhi ya shule za sekondari. Vijana wa Kichina nao wanasoma Kiswahili Beijing na Shanghai, kisha wanakuja kusimamia barabara na viwanda. Mtaala wao unaanza na salamu, unapita sokoni, unafika ofisini. Ungefaa uwe na somo moja zaidi, na somo hilo lisiwe orodha ya misemo. Liwafundishe kuuliza, mara wanapofika kijijini, ni nani hapa anayesikilizwa na wote. Liwafundishe kwamba "kamwene" ya asubuhi, salamu ya Wahehe, ni akiba ya siku ya ugomvi, na kwamba mtu aliyekwisha kuitwa mnyalukolo, ndugu wa ukoo, atapata wa kumsemea. Liwafundishe pia kukaa kimya mzee anapoongea, hata akizunguka sana, kwa kuwa kuzunguka kwake ndiko kunakowapa wakosaji muda wa kushuka.

Kwenye kazi za ujira, mtu wa tatu ameandikwa tayari. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 iliunda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wafanyakazi wanaiita CMA kwa herufi za Kiingereza, nayo ilianza kazi mwaka 2007. Anayedai ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake, na msuluhishi naye anapewa siku 30 za kuwapatanisha, isipokuwa wenyewe wakikubali kuongeza. Hana mamlaka ya kumlazimisha yeyote. Meza inaweza kuwa na kibarua wa Isimani anayezungumza Kiswahili, meneja wa Kichina mwenye mkalimani wake, na mkataba wa ajira ulioandikwa kwa Kiingereza ambacho hakuna kati yao aliyezaliwa nacho. Msuluhishi anaanza kwa kumwomba kila mmoja aeleze alivyoelewa. Mkalimani anafasiri, mwenye kalamu anaandika. Na mara nyingi kinachofumuka hapo ni kwamba kibarua anadai mshahara wa mwezi mmoja pamoja na jambo ambalo fomu haina kisanduku chake, yaani kuelezwa mbele ya wenzake kwamba hakuwa mwizi.